Kijiti Chenye Ulimi: Mhadhara Kuhusu Ikupasuy ya Waainu

Ndugu zangu, nimekuja kuwazungumzia kijiti bapa cha urefu wa sentimita 30 hivi, ambacho jina lake limepotoshwa kwa zaidi ya miaka 100. Waainu, wenyeji wa asili wa Hokkaido, kaskazini mwa Japani, hukiita ikupasuy.

Wageni kutoka Ulaya waliwaona wazee wa Kiainu wakinywa pombe huku kijiti kimelala juu ya kikombe, kimezuia masharubu yasilowe. Wakakiita kiinua masharubu, na jina hilo likaingia vitabuni na kwenye makabati ya makumbusho. Linaniuma. Ni kama kumwona mshenga anakunywa chai ukweni, ukasema alifuata chai.

Na kijiti hiki ni mshenga hasa. Kwa imani ya Waainu, maneno ya binadamu peke yake hayana nguvu ya kuwafikia kamuy, miungu ya moto, ya mto, ya dubu. Basi mzee hukaa kando ya meko, kikombe cha tonoto, pombe ya nafaka, mkononi. Huchovya ncha ya kijiti, akadondosha matone motoni huku akisali taratibu. Hilo tone moja, likifika kwa miungu, ni pombe tele. Upande wa juu kijiti kimenakshiwa mawimbi, mimea, pengine dubu au nyangumi. Kigeuze sasa. Chini ya ncha pana alama ndogo iliyochongwa, nayo huitwa ulimi. Mzee akikosea neno, ulimi huo hulinyoosha. Sala ikipungua, huijazia.

Ndugu yake ni inau, fimbo ya mti laini uotao kando ya mito. Mchongaji huikwangua kwa kisu kiitwacho makiri, lakini maranda hayakati. Huyaacha yaning'inie yamejikunja, mithili ya nywele za mtoto. Hiyo ni zawadi kwa miungu, kwani huaminiwa kuwa wao wenyewe hawawezi kuichonga.

Mwaka 1955 serikali ya Hokkaido ilitoa waraka wa kukomesha iyomante, ibada ya kumchinja dubu ili roho yake irudi kwa miungu, ambamo vijiti hivi vilikuwa na kazi kubwa. Waraka ulifutwa mwaka 2007 tu. Hata hivyo, kijijini Nibutani, humo humo Hokkaido, visu bado vinachonga.

Mkikutana na ikupasuy ndani ya kabati la kioo, mwombeni mhifadhi akigeuze, muuone ulimi.