Temeke yenye herufi saba

Waliokwisha kunisikia nikilisema hili la alama za kufunga mstari wanivumilie, maana juzi tu nimeletewa kesi ileile.

Kijana ana faili la CSV, yaani jedwali la maandishi ambalo safu zake hutengwa kwa koma: jina, namba ya simu, wilaya. Programu yake inatafuta wakazi wa Temeke. Jibu: sifuri. Anaichapisha wilaya kwenye skrini, anaona Temeke. Anailinganisha na Temeke yake, si sawa! Siku mbili anahangaika. Kamlaumu aliyeingiza data, kabadilisha hifadhidata, kabakiza kwenda kwa mganga. Nikamwambia, hebu hesabu herufi. len(), kihesabu herufi cha Python, lugha aliyoandikia programu yake, ikajibu 7. Haya, T-e-m-e-k-e, hesabuni nanyi.

Ya saba ni alama isiyoonekana, baiti namba 13. Faili lilitoka Windows, ambako mstari hufungwa kwa baiti mbili, 13 na 10. Linux hufunga kwa 10 peke yake. Mliowahi kugonga taipureta mnaijua asili yake: unarudisha kigari mwanzo wa mstari, halafu unasogeza karatasi. Kazi mbili, alama mbili. Mac za zamani, kabla ya OS X ya 2001, zenyewe zilitumia 13 tupu.

Sasa, open() ya kawaida ya Python inazigeuza namna zote tatu kuwa '\n', yaani ile 10, bila kuombwa. Huyu bwana alisoma baiti ghafi, akazifanya maandishi, akakata mwenyewe kwa split('\n'). Kisa? Eti iwe haraka. Siku mbili, haraka! Ile 13 ikabaki imemng'ang'ania Temeke kama kupe.

Namwona mtu kule nyuma anataka kusema, "Si uweke strip() tu?" Hapana, ndugu yangu. strip() haichagui, inafagia nafasi na tabo za mwanzoni na mwishoni pia. Faili linalotenga safu kwa tabo, lenye safu tano, mbili za mwisho zikiwa tupu, umebaki na tatu. Ukibanwa sana, rstrip('\r\n'), inayofagia 13 ('\r') na 10 za mwishoni tu, basi.

Na kwa csv, moduli ya Python ya kusoma mafaili hayo, weka newline='' kwenye open() ili isigeuze kitu, uiachie moduli kazi yake, kwani seli yenye nukuu inaweza kubeba mistari ndani.

Naonyeshwa saa. La mwisho, mbiombio: ukisoma faili kubwa kwa vipande, 13 inaweza kuangukia mwisho wa kipande na 10 mwanzo wa kinachofuata, ukahesabu mistari miwili penye mmoja. Ishikilie ile 13 kwanza, uone kinachokuja. Ya Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, na faili lake la mipangilio .gitattributes, nifuateni nje, kwenye chai.