Isome Paleti Kabla ya Kuingiza Meno ya Foklifti

Karibuni, ndugu watazamaji. Leo nina paleti, jukwaa la mbao la kupangia mizigo. Hii ni ya Ulaya, ile yenye alama ya EUR, urefu milimita 1,200 na upana 800. Haina mzigo, kwa sababu nataka tuione mbao kwa mbao.

Kwanza igeuze. Ina uzito wa kilo 25 hivi, kwa hiyo shikeni wawili. Tazama: juu mbao tano, chini tatu za kwenda urefu, na katikati vigogo tisa, yaani vipande vinene vifupi vya mbao, vilivyofungwa kwa mbao tatu za kukingama. Vyote vimeshikwa na misumari 78. Vigogo vimeachana, ndiyo maana meno ya foklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo, yanaingia kutoka pande zote nne. Paleti nyingi za Marekani zina mihimili mitatu badala ya vigogo. Mihimili ikichongwa mapengo, foklifti huingia pande zote, ila troli ya mkono bado inaingia pande mbili tu.

Sasa chuchumaa, chungulia upande mfupi. Kila tundu lina upana wa milimita 227 hivi na kimo cha 100. Tanua meno, yawe umbali sawa kutoka kigogo cha katikati, kisha simamisha mlingoti, ile nguzo inayopandisha meno, wima na uingie taratibu. Ukiingia umeinamisha mbele, ncha zitakwaruza chini au kugonga kigogo, na kigogo kikishalegea paleti haiaminiki tena.

Hapa tulieni kidogo, maana ndipo hatari ilipo. Soma kibao cha uwezo kilichobandikwa kwenye foklifti. Mashine nyingi za tani mbili na nusu hupimwa kitovu cha uzito wa mzigo kikiwa milimita 500 kutoka shina la meno, pale yanapoanzia. Ukiingia upande mrefu, mzigo uliopangwa sawasawa una kitovu chake kwenye milimita 400, uko salama. Ukiingia upande mfupi, kitovu kinasogea hadi 600, na mashine ileile haiwezi tena kubeba tani zake zote. Magurudumu ya nyuma yakianza kuwa mepesi, shusha mzigo papo hapo.

Upande mrefu nao una lake. Meno ya milimita 1,150 yanatokeza 350 ng'ambo ya pili, na yatatoboa mzigo wa jirani. Ingia nusu, inua kidogo, rudi nyuma, shusha, ndipo uingie tena.

Ukishainua, laza mlingoti nyuma kidogo na uendeshe meno yakiwa sentimita 15 kutoka sakafuni. Paleti hii hubeba kilo 1,500 mzigo ukitandazwa sawasawa. Ukirundikwa pembeni, hesabu hiyo isahau.

Utaona pia muhuri wa HT kwenye kigogo. Maana yake mbao ilipashwa joto hadi nyuzi 56 kwa dakika 30 kuua wadudu, na forodha huutafuta. Muhuri huo hausemi lolote kuhusu nguvu ya paleti. Naona watu wengi wakiuamini vibaya.

Mwisho, pitisha mkono ukiwa na glavu. Msumari uliochomoza, kigogo kilichopasuka, mbao ya ukingoni iliyokatika: kimojawapo kinatosha. Ipige alama kubwa ya X kwa rangi nyekundu, uitoe kwenye safu, uipeleke kwa seremala.