Nimeyafuata maporomoko ya maji mpaka nyuma ya Annapurna

Habari zenu wote mnaonitazama. Wazee wangu wa Marangu, shikamooni. Mama, kama wadogo zangu wamekuwekea simu karibu, mimi ni mzima, kichwa kimeacha kuuma, usiwe na wasiwasi. Habari ya kichwa nitaieleza mbele.

Nipo Kagbeni, kijiji cha Nepali nyuma ya mlima Annapurna, ndani ya bonde la mto Kali Gandaki, mita kama 2,800 juu ya usawa wa bahari. Huo mvumo mnaousikia ni upepo. Asubuhi hapa panakuwa kimya kabisa, kisha kabla ya mchana upepo unaanza kupanda bonde, na hautulii mpaka jioni. Ndege ndogo za Jomsom, mji wa hapo chini, huruka asubuhi tu kwa ajili yake. Nimefunga dirisha na maikrofoni nimeivika soksi, basi tuongee hivyohivyo.

Mnajua nafanya kazi Doha, na Doha ukigeuka huku Mnepali, ukigeuka kule Mnepali. Dada ninayekaa naye chumba kimoja ni Mmagar, kabila la huku Nepali, wa wilaya ya Myagdi. Miaka miwili ananisimulia maporomoko ya kwao, na mimi namsimulia yale ya kwetu Marangu, Kinukamori na Ndoro. Mwaka huu akapata likizo ya Dashain, sikukuu yao kubwa kuliko zote, ambapo kila aliye mbali anarudi nyumbani kama sisi tunavyopanda Moshi Desemba. Akaniambia, safari hii twende ukaone mwenyewe. Visa nimelipia palepale uwanja wa ndege Kathmandu, dola 30 kwa siku 15.

Tulianzia Pokhara. Mji wenyewe uko chini, mita 800 na kitu, joto la kawaida, migomba ipo. Halafu unainua macho kutoka ziwa Phewa unakutana na Machhapuchhre, mita 6,993, umesimama juu ya mapaa ya nyumba. Mimi nimekua naiona Kibo kila asubuhi, lakini hapa nilinyamaza. Jina lake maana yake ni mkia wa samaki, kwa sababu kilele kimegawanyika pembe mbili, na ukiuzunguka kwa ubavu unaliona umbo hilo. Hairuhusiwi kuupanda. Kwao ni mlima mtakatifu wa mungu wao Shiva. Mwaka 1957 msafara wa Waingereza ulifika karibu sana na ncha, ikabaki kama mita 50, wakageuka bila kuikanyaga. Nimeipenda habari hiyo kuliko habari nyingi za watu waliofika juu.

Pokhara penyewe kuna maporomoko yanayoitwa Patale Chhango, yaani maporomoko ya kuzimu. Maji yanatoka ziwani, yanafika kwenye mwamba, yanaingia shimoni na kupotea chini ya ardhi. Ukivuka barabara ukashuka ngazi za pango la Gupteshwor, unayakuta tena. Umesimama gizani, mbele yako kuna ufa mrefu wa mwanga, na maji yanaanguka ndani ya ule mwanga. Klipu niliyopiga pale imetoka nyeusi tupu, nisameheni.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, hasa watu wa pwani. Karibu na Pokhara kuna kijiji kinaitwa Lumle. Mvua yake kwa mwaka inapita milimita 5,000, na hakuna sehemu ya Nepali inayojulikana kwa mvua kama pale. Jomsom, nyuma ya milima hiyohiyo, haipati hata milimita 300. Ni mwendo wa siku moja kwa gari. Mvua hiyo inaletwa na nini? Ni kusi. Upepo uleule uliokuwa ukisukuma majahazi yetu kutoka Zanzibar na Lamu kwenda Arabuni na India. Kusi ikivuka ikweta inapinda kuelekea India, inabeba unyevu wa bahari, na kuanzia Juni mpaka Septemba mawingu yanasukumwa bara mpaka yanagonga ukuta wa Himalaya. Hayawezi kupita, basi yanamwaga yote upande wa kusini. Ukisimama chini ya maporomoko ya huku mwezi wa kumi, maji bado yamejaa, jua kwamba upepo wake ulipita kwetu kwanza. Nilipolielewa hilo nililia kidogo, na siwezi kuwaeleza kwa nini.

Kutoka mji wa Beni barabara inafuata Kali Gandaki kupanda juu. Unapita Tatopani, jina ambalo maana yake ni maji moto, na kweli yapo, chemchemi kando ya mto. Miguu iliyochoka inapona pale. Mbele kidogo ni Rupse. Wenyeji wanayahesabu mita 300 kutoka juu mpaka chini. Hayaanguki kwa mkupuo mmoja, yanateremka kwa vituo juu ya mwamba, yanapotea, yanatokea tena, na mwisho yanapita chini ya daraja la barabara. Manyunyu yanalowanisha gari zima. Dada yangu alishuka, akachota kwa kiganja, akanawa uso, akasema: hii ndiyo niliyokuwa nakwambia. Hakuongeza neno.

Kwa mama yake ni kijijini, nusu saa kwa miguu kutoka barabarani. Mama yule alinipaka tika kwenye paji la uso, mchele uliochanganywa na mtindi na rangi nyekundu, akaniombea kwa lugha yao. Kesho yake akatuchukua kwenye kinu cha maji, wanakiita ghatta. Nyie wa Marangu mnaujua mfongo, ule mfereji wetu wa maji, basi ni mfongo hasa: maji ya mlimani yamekatiwa njia, yanashuka kwenye gogo lililochongwa katikati, yanapiga mapanga ya gurudumu lililolala chini ya kibanda. Juu jiwe linazunguka. Nafaka ziko kwenye kikapu kilichoning'inia, na kijiti kimefungwa kwenye kikapu huku ncha yake imelala juu ya jiwe. Jiwe likizunguka kijiti kinarukaruka, tak tak tak, kikapu kinatikisika, punje zinadondoka chache chache. Maji yakipungua, jiwe linapunguza mwendo, kijiti nacho kinapunguza, punje zinadondoka kidogo. Kinajipimia chenyewe. Nilikaa pale saa nzima.

Na punje zenyewe? Ulezi. Mama, ni ulezi uleule tunaotengenezea mbege! Wanauita kodo. Wanasaga, wanasonga, wanakula kwa mkono na mboga za majani, jina lake dhindo. Nilipoukata tonge nikalibonyeza kwa dole gumba, wale watoto wakacheka wakisema mgeni anajua.

Baada ya hapo tukaingia korongo lenyewe. Kushoto Dhaulagiri, mita 8,167, kulia Annapurna ya kwanza, mita 8,091, mto katikati. Sehemu nyingine ukisimama mtoni, vilele viko zaidi ya kilomita tano juu ya kichwa chako. Annapurna ndiyo ya kwanza kupandwa katika milima yote 14 inayozidi mita 8,000. Wafaransa wawili, Maurice Herzog na Louis Lachenal, walifika juu tarehe 3 Juni 1950, wakarudi wakiwa wamepoteza vidole kwa baridi.

Ukiupita ukuta, kijani kinaisha. Misitu inakoma, milima inakuwa ya udongo mtupu, rangi ya kahawia, na hapo ndipo Jomsom na Kagbeni zilipo. Mtoni wanaokota mawe meusi ya mviringo, ukilipasua unakuta umbo la kombe lililojikunja. Ni viumbe wa baharini. Hapa palikuwa chini ya bahari kabla bara la India halijaigonga Asia na kuinua milima hii. Wahindu wanayaita shaligram, wanayaheshimu kama mungu wao Vishnu mwenyewe, kwa hiyo mimi nimeyatazama tu, sijachukua.

Sasa kichwa. Asubuhi tulikuwa Tatopani, mita 1,200 hivi, na jioni nikamsihi dereva atupeleke mpaka Muktinath, zaidi ya mita 3,700, nikayaone yale mabomba 108 ya maji matakatifu. Kiongozi wetu alikataa mara mbili, akisema bistarai, bistarai. Ndiyo polepole yao, wanaitamka mara mbili kama sisi. Mimi, niliyezaliwa chini ya Kilimanjaro, niliyesikia polepole tangu sijui kutembea, sikumsikiliza. Usiku nikatapika, kichwa kikapiga kama ngoma, nikashindwa hata kufunga kamba za viatu. Alfajiri kiongozi hakuniuliza tena, akanipakia garini tukashuka huku. Kufika saa sita mchana maumivu yalikuwa yameisha. Mabomba niliyaona kwa mbali tu, mahujaji wakikimbia chini yake kwenye maji ya barafu.

Ninawaomba mnaopanga kuja: ukipita mita 3,000, mahali unapolala pasizidi pale ulipolala jana yake kwa zaidi ya mita 500. Na kichwa kikianza, usipande tena. Kikizidi, shuka, hata kama ni saa nane za usiku.

Kesho tunaondoka mapema kabla upepo haujaamka. Mama wa kule kijijini amenifungia kilo mbili za unga wa kile kinu, kwenye kitambaa, na fundo lake mpaka sasa sijalifungua. Mama, Desemba nikija likizo nakuletea. Tutausonga jikoni kwako, uuonje kwanza wewe, halafu uniambie kama unautambua.