Saratani ya Damu Isiyosubiri Asubuhi

Ndugu zangu wa maabara, wengi wenu mnatazama vimelea vya malaria kila siku. Darubini mnayo, rangi ya Giemsa au Leishman mnayo. Kwa vifaa hivyohivyo mnaweza kuitambua aina moja ya saratani kali ya damu ambayo huua upesi kuliko nyingine zote isipotibiwa, na ambayo ikiwahiwa hupona vizuri kuliko nyingi. Inaitwa M3, yaani saratani kali ya promailosaiti, ambazo ni seli nyeupe changa za damu. Ndiyo nitakayoizungumzia leo.

Mwaka 1976 wataalamu wa Ufaransa, Marekani na Uingereza waligawa saratani kali za damu kwa sura ya seli: za limfu zikawa L1 hadi L3, za mailoidi (ukoo mwingine wa seli za uboho) M1 hadi M6, na baadaye zikaongezwa M7 na M0. Siku hizi tunafuata zaidi kromosomu na jeni, na ni sawa. Lakini majibu ya jeni huchukua siku, na mgonjwa wa M3 siku hizo hana. Seli zake huvuruga kuganda kwa damu; anaweza kuvuja damu ubongoni usiku uleule aliolazwa.

Basi tazameni hivi. Seli ya M3 ni promailosaiti mbovu, imejaa punje za zambarau hadi kiini hakionekani vizuri. Ndani ya seli tafuteni vijiti viitwavyo vya Auer, vyekundu, vyembamba. Kijiti kimoja tu kinatosha kuonyesha kwamba ugonjwa ni wa upande wa mailoidi. Mkivikuta vingi ndani ya seli moja, vimelaliana kama tita la kuni, fikirieni M3 papo hapo.

Kuna sura ya pili ya M3, na hii inawapita hata wazoefu. Punje ni ndogo mno, darubini ya kawaida haizioni, na seli inadhaniwa ni monosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe. Hapo angalieni kiini: kimebanwa katikati, kina mapande mawili.

Jambo jingine. Katika sura ile ya kwanza, seli nyeupe mara nyingi huwa chache. Mashine itasoma idadi ndogo, na ukitazama katikati ya kioo tu utaondoka mikono mitupu. Pitieni kingo na mkia wa utando mwembamba wa damu. Tone nene la malaria halifai, kwa sababu huharibu sura ya seli.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu dawa ipo. Katika miaka ya 1980 madaktari wa Shanghai walionyesha kwamba ATRA, dawa ya jamii ya vitamini A, huzifanya seli hizi zikomae. Baadaye ikaunganishwa na arseniki. Na ATRA huanzishwa kwa kushuku tu, kabla kipimo cha jeni hakijarudi.

Kwa hiyo msiandike "seli changa zimeonekana" mkaacha karatasi kwenye trei. Andikeni "inashukiwa M3", mpigieni simu daktari wa zamu, na sampuli ya vipimo vya kuganda kwa damu ichukuliwe saa hiyohiyo.