Kiti cha Baba: Maisha ya Mtayarishaji Norman Lear

DADA: Mbukwenyi, msikilizaji wetu. Tunazungumza nawe kutoka Dodoma, na leo tunamtazama Norman Lear, mtayarishaji wa filamu na televisheni wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1922 na kufariki dunia Desemba 2023, akiwa na umri wa miaka 101. Kaka, wewe ndiye uliyesisitiza tuanze na kiti.

KAKA: Ndiyo, dada, kwa sababu aliyekulia Makole au Kikuyu hapa Dodoma anakifahamu kile kiti cha sebuleni ambacho mtoto hakikalii hata baba akiwa safarini. Cha marehemu baba yangu kilikuwa kimechakaa mkono wa upande wa redio, na ilipotimu saa mbili usiku, taarifa ya habari ikisomwa, hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Lear alipokuwa na miaka tisa, baba yake alikamatwa kwa kosa la kuuza hatifungani bandia, akafungwa. Na Lear amesimulia jinsi mama yake alivyoanza kuuza vyombo vya nyumbani, kikiwamo kiti chekundu cha ngozi alichokikalia baba.

DADA: Ujana wake tuupite upesi: alikwenda vitani akiwa ndani ya ndege za kudondosha mabomu, akaruka safari 52, kisha akaingia katika uandishi wa vichekesho. Kazi iliyomtambulisha ilianza kurushwa na kituo cha televisheni cha CBS tarehe 12 Januari 1971, nayo ni tamthilia ya vichekesho All in the Family, ambayo kituo kingine, ABC, kilikuwa kimekwisha kuikataa.

KAKA: Na ndani yake yumo Archie Bunker, mzee mwenye chuki na kila asiyefanana naye, aliyekaa kitini akimwamuru mkewe anyamaze. Amri hiyo Lear aliisikia utotoni, baba yake akimwambia mama yake.

DADA: Wengi wetu hudhani mtayarishaji ni mwenye fedha tu, lakini tazama kilichotokea kabla ya kipindi cha kwanza kwenda hewani. Wakubwa wa CBS walitaka kuondoa sentensi moja iliyodokeza mambo ya chumbani ya vijana waliooana, na Lear akawajibu kwamba ikiondolewa, yeye harudi kazini. Sentensi ilibaki, na simu za malalamiko walizojiandaa kuzipokea zikawa chache.

KAKA: Hapo ndipo ninapomheshimu kwa dhati, kwa kuwa kipindi chenyewe kilikuwa hakijapata hata mtazamaji mmoja.

DADA: Nami namheshimu kwa kusikiliza. Amesimulia kwamba wanaharakati wa Black Panther, chama cha kutetea haki za Weusi wa Marekani, walimfuata ofisini wakihoji kwa nini familia ya Weusi katika tamthilia yake nyingine, Good Times, iwe ya kimaskini tu, na mwaka 1975 ikaja The Jeffersons, familia ya Weusi yenye biashara ya udobi iliyohamia ghorofani Manhattan.

KAKA: Turudi kwenye kiti, dada. Kile cha Archie kilikuwa cha mtumba, kilichonunuliwa kwa bei ya chini kabisa. Mwaka 1978 kilikabidhiwa makumbusho ya Smithsonian jijini Washington, lakini kipindi kikaendelea, ikabidi mafundi watengeneze kingine kinachofanana nacho, kwa gharama iliyozidi mara nyingi bei ya kile cha mtumba.