Mara ya Kwanza Long Beach: Mzazi na Kijana Wake Wajipangeje kwa Mbio za Magari

Karibuni, wazazi wenzangu, pamoja na nyinyi vijana mliomkalisha mama au baba aitazame video hii. Leo tunapanga siku ya Grand Prix ya Long Beach, California. Mbio hizi hufanyika kila Aprili katika barabara za mjini, zilezile ambazo wiki nyingine watu wanapitia kwenda kazini. Nawalenga hasa Waswahili mnaoishi Los Angeles na miji ya jirani.

Wengi wetu tulikua na Safari Rally. Unasimama kando ya njia, gari linapita na vumbi lake, basi, unasubiri linalofuata. Huku Long Beach gari lilelile linakurudia. Mwaka 2025 walizunguka mara 90, na mzunguko mmoja una kilomita 3.167, kama dakika moja na sekunde chache hivi. Kwa hiyo pa kusimama ni jambo la kufikiria mapema.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ni hii: kabla hujanunua tiketi, mpe kijana ramani. Mwambie achague sehemu mbili anazotaka kusimama na akueleze kwa nini. Mwanangu ana miaka 14, na mwaka wetu wa kwanza nilipanga kila kitu peke yangu. Akanifuata nyuma siku nzima kama aliyepelekwa kliniki. Mwaka uliofuata ramani ilikuwa mkononi mwake, mimi ndiye niliyehimizwa kutembea.

Hatua ya pili, siku. Ijumaa ni mazoezi. Jumamosi kuna kufuzu kwa IndyCar, yaani magari ya mbio kuu yanapimwa mwendo ili kupanga nani ataanza mbele, na pia mbio za IMSA, shindano la magari ya aina nyingine, za dakika 100. Jumapili ndiyo mbio kuu. Mimi kwa mgeni nasema Jumamosi. Utaona magari ya aina nyingi, na kufuzu kwenyewe kuna uzito, kwa sababu barabara ni nyembamba na kupita mwenzako ni kazi. Dereva Kyle Kirkwood alishinda hapa 2023 na 2025, na mara zote mbili alianza wa kwanza. Ukibaki na hela ya kitu kimoja cha ziada, nunua pasi ya padoki, eneo ambako timu hutengeneza magari yao, badala ya kiti cha bei ghali. Huko unawaona mafundi wakifungua gari hatua chache kutoka ulipo.

Hatua ya tatu ni masikio, na hapa naomba mnisikilize sana. Kelele hupimwa kwa desibeli, na desibeli 85 mtu anaweza kukaa nazo saa 8. Kila zinapoongezeka 3, muda huo unakatika nusu; zikifika 100 umebakiwa na dakika 15. Magari haya yakipita katikati ya kuta za zege yanavuka hapo. Kijana atakwambia hedifoni zake za muziki zinatosha. Hazitoshi. Atapandisha sauti ili ashinde injini, na masikio yatabeba kelele mbili.

Nunueni vizibo vya sponji. Tazameni mkono wangu: unakiviringisha kwa vidole mpaka kiwe chembamba. Mkono wa pili unapita nyuma ya kichwa, unavuta sikio juu. Unakiingiza, unakishikilia kwa nusu dakika kitanuke. Fanyeni mazoezi nyumbani. Na kwa kuwa hamtasikizana, kubalianeni ishara tatu za mkono: nataka maji, twende, na bado nataka kubaki. Hii ya tatu mheshimu, mzazi, hata kama miguu inauma.

Usafiri: acheni gari nyumbani. Barabara za jirani zimefungwa. Treni ya A Line kutoka 7th Street, katikati ya Los Angeles, inachukua karibu saa nzima na kukushusha mjini Long Beach, halafu ni kutembea tu. Kofia, losheni ya jua, pawabenki.

Mkifika, kabla ya yote, chagueni pa kukutania. Sisi tuliwahi kupotezana dakika arobaini, mtandao wa simu umeelemewa na watu, na sitaki mzazi mwingine aonje hofu ile. Long Beach Arena ni jengo la duara lililochorwa nyangumi ukuta mzima, linaonekana kutoka mbali. Kutanieni hapo.

Sasa pa kusimama. Wageni hukimbilia Shoreline Drive, penye mwendo mkali kuliko kote. Sawa, nendeni mkasikie kifua kinavyotetemeka, lakini gari ni kama mstari wa rangi, limepita. Kisha nendeni kona ya mwisho, ya 11, iliyojikunja kama kiwiko. Pale magari yanakuja polepole kabisa, mnaona kofia ya dereva, mikono yake, breki zinavyoshika. Ni hapo mwaka 2024, mbio zikielekea mwisho, dereva Colton Herta alimgusa mwenzake Josef Newgarden kwa nyuma. Newgarden alikuwa akimfukuza Scott Dixon, aliyekuwa mbele huku akibana mafuta. Dixon akashinda.

Mwonyeshe kijana na matairi. Kuna ya aina mbili, laini na magumu, na siku ya mbio pakiwa pakavu dereva lazima atumie zote. Laini hushika lami vizuri zaidi lakini huchakaa upesi, na kwa miaka ya karibuni katika mbio za mjini yamekuwa na rangi ya kijani ubavuni. Mwambie ahesabu gari analolipenda limekaa mizunguko mingapi tangu libadilishiwe. Dakika kumi tu, ataanza kukubishia nani anaingia piti, pale wanapobadilishiwa matairi, lini.

Mbio zikiisha msikimbilie kituo, foleni ni ndefu. Kaeni kando ya maji, toeni vizibo masikioni, na mwulize kijana swali moja: ungekuwa wewe, ungeingia piti mzunguko wa ngapi?