Mbuzi yangu jukwaani

Haya jamani, hamjambo huko nyumbani? Simu leo nimeiegemeza kwenye kopo la majani ya chai, mkiona nusu ya kichwa mvumilie. Nimeingia Hamburg usiku wa manane kutoka kusoma mashairi yangu Leipzig, treni imechelewa, na tangu juzi nakula mikate tu. Kwa hiyo leo ni wali wa nazi na maharage, na nazi naikuna mwenyewe. Mama, ukiiona video hii, kanga imechakaa, najua, usinipigie.

Mnaniandikia, "Dada, raha zako, kila wiki mji mpya." Mji gani? Mimi naona stesheni, ukumbi na dari la hoteli. Safari hii vichwa nilivihesabu: 19, na wawili nahisi walikimbia mvua. Malipo yakiwahi ni mwezi ujao. Kesho alfajiri niko kazini kama kawaida, maana mwenye nyumba hapokei beti.

Lakini ngojeni niwape kisa cha hii mbuzi ya kukunia nazi niliyoikalia.

Nina shairi linaloanza hivi:

Nikaikalia mbuzi, nazi mkononi sina,
Nikakumbuka malezi, moshi wa jiko la jana.

Mizani 16 kila mshororo, 8 huku, 8 huku, vina vimetulia. Nalisoma kwa Kiswahili, kisha mwenyeji anasoma tafsiri ya Kijerumani. Jioni moja mwaka juzi nikasikia ukumbi unacheka. Nikafurahi, nikajua nimewagusa. Kumbe mtafsiri kaandika kwamba nimempanda mbuzi, yule wa mee! Mzee mmoja akanyoosha mkono, kwa heshima zote, akaniuliza kama wanawake wa pwani husafiri hivyo.

Sikumlaumu sana mtafsiri, neno ni hilo hilo. Ila walimu wa Kiswahili mtanielewa: angekuwa mnyama ningesema "nikamkalia". Hesabuni: ni-ka-m-ka-li-a mbu-zi. Nane. Ni-ka-i-ka-li-a mbu-zi. Nane vilevile! Mizani haikutikisika, ila hiyo "i" moja ndiyo imebeba jiko zima la mama yangu Tanga, nayo ikapita kama haikutamkwa.

Basi likizo iliyofuata nikaondoka nyumbani na mbuzi ya kukunja. Ujinga wangu, nikaitia kwenye begi la mkononi. Pale kwenye ukaguzi uwanja wa ndege wakaitana watatu, wanautazama ule ulimi wa chuma na meno yake. Nikasema ni ya kupikia, lakini nao walikuwa na wasiwasi wao. Ikabidi niikunjue, nikachuchumaa mbele ya foleni nzima, nikawa nakuna hewa. Mama mmoja nyuma akasema, "Mwanangu, mguu weka upande." Wakacheka, wakaniambia rudi ukaitie kwenye mizigo mikubwa.

Sasa napanda nayo jukwaani. Naikalia, nakuna nazi nusu kifuu bila kusema neno, halafu ndiyo nasoma. Mnajua hii sauti, eeh? Sikilizeni. Krr, krr. Kwangu ni mizani tosha. Kule Leipzig dada mmoja alikuja mwisho, hakuuliza habari za vina, kaomba aishike tu. Alikulia Mombasa. Akaikalia, akajifuta macho kwa mkono ule ule wenye chembe za nazi, na foleni ya kusainiwa vitabu (watu watano, msidhani ni umati) ikamsubiri.

Kuna rafiki yangu ananiambia tumia tui la kopo, utapata muda wa kuandika. Ya kopo ninayo, siku za kazi natumia, sijifanyi. Lakini beti zangu nyingi zimetoka hapa chini, mikono ikiwa na kazi yake na kichwa kinahesabu peke yake. Mezani nikikaa na kalamu, naishia kusoma ujumbe wenu.

Haya, tui la pili nimeshawekea mchele, hili la kwanza linaingia kwenye maharage sasa hivi, na... subirini, subirini, limeanza kuchemka, likikatika hili nitalia. Mwiko uko wapi?